Wakati besi ilikuwa inatafuta kusikika

Tarehe 6 mwezi wa sita 1962, vijana wane wa Liverpool waliingia studio ya EMI, Abbey Road, huko London, kwa kufanyiwa majaribio. Waliitwa Beatles. Kazi ilitaka kukwama mapema, kwa sababu ampli ya mpiga besi, Paul McCartney, ilikuwa inatoa makelele mabaya ambayo mikro za studio hazingeweza kuvumilia. Bafle yake ilitengenezwa kwa mkono na mwanamuziki mwenzao wa Liverpool, Adrian Barber. Ilikuwa kubwa na nzito, hata watu wakaipa jina la "sanduku la maiti". Fundi mmoja wa studio, Ken Townsend, akaenda kutoa bafle ya Tannoy katika chumba cha mwangwi, akaifungia ampli ya Leak, akachoma waya mbio mbio, njo kazi ikaendelea.

Wapenzi wa muziki, hii habari inatuonyesha jambo moja ambalo tunasahau kila mara. Tukizungumza juu ya bendi za roki za miaka ya 1960, tunawataja waimbaji, tunawataja wapiga solo. Lakini mutu wa besi alikuwa na vita yake peke yake: kusikika tu.

Kwa nini besi inasumbua hivi? Sikio la mwanadamu halisikii vizuri sauti za chini sawa vile linasikia za juu. Tena, kusudi sauti ya chini itoke, spika inapaswa kusukuma hewa nyingi. Ukiingiza besi kwa nguvu katika spika iliyotengenezwa kwa gita ya solo, karatasi yake inaweza kupasuka. Na kuko hesabu ingine ngumu: ukiongeza nguvu ya ampli mara kumi, sikio litaona sauti imeongezeka kama mara mbili tu. Njo maana mpiga besi alihitaji mashine kubwa kuliko wenzake wote.

Kule Marekani, Leo Fender aliliona hilo mapema. Alitoa gita ya besi ya umeme mwaka wa 1951, na mwaka uliofuata akatoa ampli yake, Fender Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Ilikuwa ya lampe, yaani zile chupa ndogo zinazowaka ndani, sawa vile katika redio za zamani za wazee wetu. Baadaye akabadilisha, akatia spika ine za inchi 10. Ajabu ni kwamba wapiga solo ndio waliipenda zaidi, kwa sababu ukiikaza sana, sauti inakwaruza vizuri.

Hiyo Bassman ikavuka bahari. Huko Hanwell, magharibi ya London, mpiga ngoma mmoja jina lake Jim Marshall alikuwa na duka la vyombo vya muziki. Vijana walikuwa wanamuomba ampli ya namna ile, lakini zile za Marekani zilikuwa za bei kali. Pamoja na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, akafuata mpango wa Bassman na kutengeneza ya kwao, JTM45. Kwa hiyo jina la Marshall, ambalo leo watu wote wanalifungamanisha na gita ya solo, lilianzia kwenye ampli ya besi.

Kati ya wateja wake kulikuwa John Entwistle, mpiga besi wa The Who. Yeye hakukubali kufunikwa. Alinunua bafle ya spika ine za inchi 12. Pete Townshend, mpiga gita mwenzake, alipoona amezidiwa, naye akataka ya kwake. Huyu akiongeza, yule anaongeza. Marshall akafika wati 100, na Townshend akaomba bafle moja yenye spika nane. Ikatengenezwa, lakini ikawashinda wabebaji. Dawa yake ilikuwa kuigawa sehemu mbili, moja juu ya ingine. Ule ukuta wa bafle tunaouona nyuma ya bendi za roki mpaka leo ulitokea hapo.

Beatles nao hawakubaki na "sanduku la maiti". Kampuni ya Vox iliwapa ampli za wati 100. Lakini tarehe 15 mwezi wa nane 1965, katika uwanja wa Shea, New York, walikuta watu zaidi ya 55.000. Ampli zilibaki jukwaani, na sauti za kuimba zilipitishwa katika spika za uwanja. Vilio vya watu vilifunika kila kitu, hata wenyewe hawakusikiana vizuri. Mwaka uliofuata wakaacha kabisa kupiga katika ziara.

Sasa turudi Marekani, katika kampuni ya Ampeg. Mwenye kuianzisha, Everett Hull, alikuwa mpiga besi kubwa ya kusimama, na makelele ya roki hakuyapenda hata kidogo. Alitaka sauti safi. Mwaka wa 1960, fundi wake Jess Oliver alitoa B-15: wati 25 hivi, spika moja ya inchi 15, na ampli inayogeuzwa na kufichwa ndani ya bafle wakati wa kusafiri. Katika studio, ilipendwa sana.

Lakini kwa uwanja mkubwa, wati 25 ni nini? Hull alipokwisha kuondoka, mafundi wengine wa Ampeg wakaingia kazi. Mwaka wa 1969 ilitoka SVT: wati 300, lampe 14, ampli peke yake inakaribia kilo 40, na bafle zenye spika nane za inchi 10. Rolling Stones walikuwa wanajitayarisha kwa ziara yao ya Marekani, na ampli walizotoka nazo Uingereza zilikuwa zinaungua. Wakapewa hizo za Ampeg zikingali mpya za majaribio, wakazunguka nazo ziara yote. Besi ikasikika hadi kiti cha mwisho.

Ushindi huo ulikuwa na bei yake. Townshend amesema mwenyewe hadharani kwamba masikio yake yaliharibika. Entwistle, aliyekufa mwaka wa 2002, alipiga miaka yake ya mwisho akiwa hasikii vizuri. Mutu aliyepigania kusikika akafika kutosikia.

Leo mikro na spika kubwa za mbele ndizo zinabeba besi mpaka kwa watu, na mpiga besi hana lazima tena ya kujenga ukuta nyuma yake. Na katika studio, ampli ambayo wengi wanaendelea kuitafuta ni ile ndogo ya Ampeg, B-15 ya wati 25.