Impreza Kuukuu Uwanjani: Raba Kwanza, Springi Baadaye

Wenye Subaru Impreza za kizazi cha kwanza, zile zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1992, wakitaka kuziingiza kwenye uwanja wa mbio hukimbilia kuzishusha. Asiyemudu springi fupi humwendea fundi akakatiwa za zamani kwa grainda. Gari linakaa chini, linapendeza machoni. Likifika uwanjani linalala kwenye kona kuliko awali, pua yake haitaki kukata, na tairi za mbele zinalika ukingo wa nje. Nasema bila kusita: kukata springi ni kuharibu gari, na hata kulishusha kwa vifaa vizuri kuna mpaka wake.

Impreza hiyo ina mfumo wa MacPherson kwenye magurudumu yote manne. Shokapu ndiyo nguzo inayobeba gurudumu: juu imefungwa kwenye bodi, na chini, kwa magurudumu ya mbele, inashikiliwa na mkono mmoja. Gari likiwa katika kimo chake cha kiwandani, mkono huo unateremka kidogo kutoka kwenye chesisi kwenda gurudumuni. Mteremko huo ndio unaosaidia kuamua ilipo nukta ambayo bodi huizunguka inapolala kwenye kona. Ukishusha gari hadi mkono ukaanza kupanda kuelekea gurudumuni, nukta hiyo inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na bodi inapata nguvu zaidi ya kujilaza. Kwa hiyo gari lililo chini laweza kulala kwenye kona kuliko lilipokuwa juu, springi zikiwa na ugumu uleule.

Kuna hasara ya pili. Mkono ukishapita usawa, kila gurudumu linapopanda sehemu ya chini ya tairi huvutwa ndani. Tairi ya nje, inayobeba uzito mwingi wa kona, inasimamia ukingo wake badala ya kukanyaga kwa upana wote. Hasara ya tatu ni tairodi: haziendi tena sambamba na mikono, basi gari likipita kwenye bonde au tuta linajikatia kona lenyewe, dereva hajagusa usukani. Ikibidi kushusha, milimita 20 hadi 25 zinatosha, na hakikisha mikono haijapita usawa. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, magurudumu yake yalikuwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Uwanja wa lami hauhitaji nafasi kubwa kiasi hicho, lakini gari lisilo na nafasi kabisa hugonga vizuizi vya shokapu katikati ya kona, na hapo mshiko hupotea ghafla.

Basi pesa ianzie wapi? Kwenye raba. Gari la miaka 25 na zaidi lina bushi zilizokauka na kupasuka, hata kama halipigi kelele. Ukikanyaga breki kwa nguvu, mkono wa chini unasogea ndani ya bushi iliyochoka na gurudumu linabadili uelekeo. Vipimo ulivyolipia kwenye mashine ya alaimenti vilichukuliwa gari likiwa limesimama. Kwenye breki havipo tena. Badilisha bushi za mikono ya mbele na za nyuma, kagua boljointi, tairodi na vikalio vya juu vya shokapu. Shokapu inayovuja mafuta haifai uwanjani, na zibadilishwe mbilimbili, kulia na kushoto.

Halafu tairi. Wengi tunanunua mitumba kwa kutazama kashata tu. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba iliyozeeka huwa ngumu, haishiki, hata kashata ikiwa nzima.

Ndipo uende kwenye alaimenti, na umweleze fundi kwamba gari litakimbia uwanjani. Kiwandani tairi za mbele za gari hili husimama karibu wima. Kwa uwanja, vichwa vya tairi hizo vilalie ndani nyuzi 2 hadi 2 na nusu, na za nyuma nyuzi 1 na nusu hivi. Boliti ya juu inayofunga shokapu ya mbele kwenye kitovu cha gurudumu ina kichwa cha kuzungushia pembe hiyo. Isipotosha, kuna vikalio vya juu vinavyorekebishika. Tairi za mbele zitazame mbele moja kwa moja. Za nyuma zielekeane milimita moja kila upande, ili mkia utulie wakati wa breki.

Impreza ina uzito mwingi mbele, kwa sababu injini yake imekaa mbele ya ekseli. Dawa yake nzuri ni stabilaiza nene ya nyuma. Ugumu wa chuma hiki hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake: kutoka milimita 20 hadi 22 unapata ugumu zaidi kwa asilimia 46 hivi. Mkia unapokea sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohama kwenye kona, tairi za mbele zinapumua, pua inakata. Vishikio vya kiwandani vya stabilaiza hiyo ni dhaifu, viimarishwe siku hiyohiyo.

Uwanjani, anza na upepo wa psi 28 hadi 30 tairi zikiwa baridi. Zikipata moto zitakaribia 34. Mara tu unaporudi kwenye maegesho, pima joto la kila tairi ndani, katikati na nje. Katikati pakizidi pande zote mbili, punguza upepo. Nje pakiwa na joto kuliko ndani, ongeza ulalo. Badilisha kitu kimoja, zunguka tena, andika. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Springi ngumu na shokapu za kurekebisha zina nafasi yake, baada ya haya yote. Kwa gari litakalokupeleka kazini Jumatatu, springi za kilo 5 au 6 kwa milimita zinatosha kabisa.

Kama mwezi huu mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, nunua bushi za mbele na ulipie alaimenti.