Mjomba, Mwalimu na Baba Paroko

Ukitoka Songea mjini ukashika barabara ya mashariki, ukaiacha Namtumbo nyuma na kuingia wilaya ya Tunduru, utaona misalaba ikipungua na misikiti ikiongezeka. Upande wa Songea na Mbinga ni nadra kupita kijiji kisicho na kigango cha Kikatoliki. Huku kwenye mikorosho wenyeji wengi ni Wayao, na Wayao wengi ni Waislamu. Mbesa iko huku. Inajulikana mkoani Ruvuma kwa hospitali yake ya misheni, lakini misheni hiyo si ya Wakatoliki. Ni ya Kanisa la Biblia, lililotokana na kazi ya wamisionari wa Kijerumani, na kanisa hilo halina padri wala askofu. Wanaoongoza ni wazee wa kanisa.

Kwa hiyo Mkatoliki wa pande hizi amezungukwa na majirani wanaomuuliza swali moja kwa sauti tofauti. Mwislamu anauliza kwa utani: huyo Papa wenu anawajua hata mlipo? Mlokole anauliza kwa ukali zaidi: limeandikwa wapi? Mzee wa Kikatoliki wa shule ya zamani hababaiki. Anajibu kwamba Kristu hakuacha kitabu, aliacha mitume, na mitume waliacha maaskofu. Kisha anaendelea kupukuchua mahindi yake. Kwake hilo si hoja ya kubishaniwa, ni jambo alilofundishwa akiwa mtoto.

Hawa wa shule ya zamani ni watu gani? Wasichanganywe na wale wa Ulaya na Marekani wanaogombana na Roma juu ya Misa ya Kilatini. Papa Fransisko alipoibana Misa hiyo mwaka 2021, huku vijijini habari ilipita bila kutikisa kitu. Mkatoliki wa kizamani wa Ruvuma unamtambua kwa mambo mengine. Mama hawezi kuingia kanisani bila kitambaa kichwani. Komunyo anapokea kwa ulimi, na pale ambapo hakuna ubao wa kupigia magoti anapiga kwenye sakafu. Ijumaa nyama hailiwi, hata kama Alhamisi haikuwepo. Kwaresima ngoma zinanyamaza, na anayefanya harusi katika siku zile arobaini atasemwa hadi Pasaka ya mwaka unaofuata. Mezani watoto hawashiki tonge kabla ya ishara ya msalaba. Salamu ni "Tumsifu Yesu Kristu", na kijana anayeitikia "poa" atasimamishwa airudie.

Desturi hizi zilitoka Peramiho, karibu na Songea. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia, kutoka Bavaria, walifika huko mwaka 1898 wakiongozwa na Padri Cassian Spiss, na walikuja na utawa wa kengele: kengele ya kuamka, ya kusali, ya kazi, ya kulala. Walikuja na ukali pia. Aliyetaka ubatizo akiwa na wake wengi alitakiwa abaki na mmoja. Matambiko yalipigwa marufuku. Kabla ya Vita vya Maji Maji mmisionari mmoja alikichoma moto kibanda ambamo Nkosi, yaani chifu, Mputa Gama aliwaheshimu mahoka, yaani roho za wahenga wa Kingoni. Mwaka 1905 moto ulirudi kwa njia nyingine: misheni ya Peramiho iliteketezwa, na Spiss, aliyekuwa askofu tayari, aliuawa mwezi Agosti akiwa safarini kutoka Kilwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni hapo Songea, Mputa akiwamo, na wengi wao walibatizwa na padri muda mfupi kabla ya kamba.

Ninayataja haya kwa sababu wajukuu wa watu hao ndio wanaozilinda leo sheria za Peramiho kwa wivu kuliko watawa wenyewe. Mzee wa Kingoni akikuambia "hii ndiyo desturi yetu tangu wahenga", anamaanisha rozari ya mwezi Mei na kengele ya Malaika wa Bwana. Imetimia miaka mia na kidogo tu, lakini desturi haiulizwi cheti cha kuzaliwa.

Ukali huo wa zamani haukushikiliwa na mapadri. Padri alikuwa mmoja kwa vijiji ishirini, anapita kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, anaungamisha, anasoma Misa, anaondoka. Aliyebaki ni katekista, ambaye watu humwita mwalimu. Mwalimu ndiye anayejua nani amekimbia mke na nani ameonekana kwa mganga. Yeye huongoza ibada ya Jumapili bila padri, huwafundisha wakatekumeni, huzika. Ana daftari lake la kurasa zilizokunjika pembe, limechorwa mistari kwa rula na kalamu ya bluu: jina, jumuiya, ndoa, zaka. Kwenye safu ya ndoa kuna alama mbili tu, tiki au mkwaju, na mkwaju mmoja unaweza kumweka mtu nje ya Komunyo kwa miaka thelathini. Posho yake ni ndogo kuliko ya kibarua wa shambani, lakini Baba Paroko mgeni atamsikiliza yeye kwanza kabla ya kutoa uamuzi wowote.

Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipokubaliana katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, mwalimu amepata wasaidizi. Jumuiya ni kaya kadhaa za jirani, zinakutana kila wiki nyumba kwa nyumba, zinasoma Injili, zinachanga. Nia ilikuwa njema: waamini wajuane na kusaidiana. Lakini jumuiya pia ni jicho, na jicho hilo linaonekana wazi zaidi siku ya msiba.

Mtu amefariki usiku. Asubuhi ndugu wanatuma mjumbe kwa mwenyekiti wa jumuiya.

"Tumsifu Yesu Kristu, mwenyekiti."

"Milele amina, mama. Poleni sana. Marehemu alikuwa anasali jumuiya ipi?"

"Ya kwetu hapa hapa, baba."

"Kadi yake ya zaka mnayo?"

Kadi inatafutwa chini ya godoro, katika sanduku, nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Ikipatikana ina mihuri miwili ya miaka mingi iliyopita. Mwenyekiti anakuna kichwa. Hapo inaanza mijadala ya pembeni chini ya mwembe, na wanaotetea marehemu wanakumbusha kwamba alilima shamba la kanisa, na wanaopinga wanakumbusha alivyopita jumuiya ikisali bila hata kugeuka. Mara nyingi suluhu hupatikana: mwana wa marehemu analipa deni, katekista anazika bila Misa, kwaya inaimba nyimbo mbili. Mara nyingine haipatikani, na ndugu wanazika wenyewe wakiwa na uchungu ambao haupoi.

Sasa chukua Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1184. Wanaonyimwa mazishi ya Kanisa ni wachache: walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waamini, tena kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Zaka haimo. Kutohudhuria jumuiya hakumo. Ikiwepo shaka, aulizwe askofu. Yaani Roma, ile Roma ambayo jirani Mlokole anaiona kama mkono mzito, ni laini kuliko kikao cha chini ya mwembe. Mzee wa shule ya zamani ukimwambia hivyo anakuangalia kwa huruma. "Roma ni mbali, mwanangu," anasema. "Sisi ndio tunaoishi na hawa watu." Sioni haya kumpinga katika hili, lakini ninaelewa anakotoka. Kijiji kisicho na polisi wa karibu wala mahakama kimejifunza kutumia kaburi kama mahakama.

Ndoa ni uwanja mwingine. Wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa kanisani wanaitwa wa uchumba sugu, na jina hilo linatamkwa mimbarini bila kutafuna maneno. Hawapokei Komunyo, hawawezi kuwa wasimamizi wa ubatizo. Baadhi wanafunga ndoa wakiwa na wajukuu, bibi harusi ana mvi, na mjukuu ndiye anayebeba pete. Upande wa Songea kikwazo kikubwa ni mahari: Mngoni hataki binti yake aende madhabahuni wakati ng'ombe hawajakamilika. Upande wa Tunduru kikwazo si hicho.

Kwa Wayao ukoo hufuata mama. Kwa desturi ya zamani mwanamume akioa anahamia ukweni, na watoto ni wa ukoo wa mke. Mwenye sauti juu ya dada na watoto wao ni kaka mkubwa, yule mlezi wa kundi zima la dada anayeitwa asyene mbumba. Ndoa ikiyumba, mjomba ndiye anayeitwa kwanza, na mjomba huyohuyo anaweza kusema imetosha, mume arudi kwao. Weka sasa mbele yake mafundisho ya kwamba ndoa haivunjiki na kwamba baba ni kichwa cha familia. Mwalimu anasema ndivyo. Baba Paroko anasema ndivyo. Mjomba anasikiliza kwa heshima, anatikisa kichwa, halafu anamwambia dada yake afunge virago. Nimeona mashemasi wa Kingoni, waliozaliwa katika mfumo wa ukoo wa baba, wakihangaika na jambo hili kuliko fundisho lolote la Utatu.

Unyago nao ulikuwa na vita yake. Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Waanglikana aliamua kuliingiza jando, unyago wa wavulana, Kanisani, akaweka sala na baraka mahali pa matambiko. Wabenediktini waliliona hilo ni kufungua mlango kwa shetani, na Mkatoliki aliyempeleka binti yake msondo, unyago wa wasichana, aliwekwa nje ya sakramenti. Leo parokia nyingi zina semina za wasichana zenye mafundisho ya usafi na maisha ya ndoa, na wanaofundisha ni wale wale akina mama ambao mama zao walitengwa kwa kufundisha mambo hayo porini.

Swali gumu kwa hawa wa shule ya zamani, watu wa utii, ni hili: mkubwa akibadili desturi, unamtii mkubwa au unaishika desturi? Kusini wameliona likitokea. Padri Felician Nkwera alikuwa wa Jimbo la Njombe, jimbo lililomegwa kutoka Peramiho mwaka 1968. Alisema kwamba tangu mwaka 1969 Bikira Maria alimkabidhi huduma ya kuwaombea wagonjwa, na umati ukamfuata. Aligongana na maaskofu, akazuiwa kazi ya upadri, akahamia Dar es Salaam. Wafuasi wake, Wanamaombi, walikataa Komunyo ya mkononi, wakashikilia ulimi tu, na wengi wakafungiwa sakramenti. Mwaka huo huo 1969 Roma ilikuwa imeandika kwamba desturi ya ulimi idumishwe, huku ikiruhusu mabaraza ya maaskofu kuomba ruhusa ya mkono. Wazee wengi wa Ruvuma waliwaonea huruma Wanamaombi kimoyomoyo na hawakuwafuata. Walibaki parokiani, wakaendelea kutoa ulimi, wakaacha vijana watoe mikono.

Desemba 2023 mambo yaligeuka. Roma ilitoa tamko lililoruhusu mapadri kuwabariki, nje ya liturjia, watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alitangaza kwamba baraka hizo hazitatolewa barani humu, na alikuwa ameshauriana na Roma yenyewe kabla ya kutangaza. Vijiweni Wakatoliki walipumua. Ila mzee aliyezoea kuwajibu Walokole kwa kutaja Papa alibaki na kazi ya kueleza ni Papa yupi anayemtaja.

Katika Jimbo la Tunduru-Masasi, lililoundwa mwaka 1986 na kumpata Polycarp Pengo, baadaye kardinali, kama askofu wake wa kwanza, suala linalowarudia mapadri ni dogo na la kila siku: ndoa kati ya Mkatoliki na Mwislamu. Ruhusa hutoka kwa askofu. Sheria ya zamani, ya mwaka 1917, ilitaka wote wawili waahidi kwamba watoto watabatizwa na kulelewa Kikatoliki. Sheria ya sasa inamtaka Mkatoliki peke yake aahidi kufanya yote awezayo, na mwenzake aarifiwe tu. Wakongwe wanalalamika kwamba huku ni kulegea. Ahadi inatolewa mbele ya Baba Paroko, mwalimu anaandika tarehe kwenye daftari, na mjomba wa bibi harusi amekaa nje kwenye benchi, hakuna aliyemwita ndani.