Chuma Kinavyoshikilia Mgongo wa Mtoto

Mwambie mwanao ainame, mikono ikining'inia, nawe usimame nyuma umtazame. Ukiona mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za upande wa pili, huenda uti wa mgongo umepinda kando na kujisokota. Maradhi haya huitwa skoliosisi. Hayaletwi na mkoba wa shule wala kukaa vibaya darasani, kwa hivyo usimgombeze mtoto.

Wengi huhitaji kuangaliwa tu, au kuvaa ganda gumu la plastiki kiwiliwilini. Mpindo ukipita digrii 45 au 50 kwenye picha ya eksrei, ndipo upasuaji wa kutia vyuma hufikiriwa.

Chuma hufanyaje kazi? Chukua mfano wa upinde. Unaweza kuunyoosha kwa kuvuta ncha zake, au kwa kusukuma mahali palipobinuka. Ukiwa umepinda sana, kuvuta kuna nguvu zaidi. Ukikaribia kunyooka, kusukuma ndiko kufaako. Dkt Paul Harrington wa Houston, Marekani, aliyetibu watoto waliopooza kwa polio miaka ya 1950, alivuta: ufito mmoja wenye kulabu juu na chini. Lakini ufito huo haukuweza kuondoa msokoto, tena uliwaacha wengine na kiuno bapa. Katika miaka ya 1980, Wafaransa Yves Cotrel na Jean Dubousset walitumia fito mbili zilizoshikwa mahali pengi, wakazizungusha. Siku hizi fito hushikwa zaidi na skrubu.

Hata hivyo, chuma ni mshikizi wa muda tu. Kila hatua ya mtoto hukikunja kidogo, na unajua waya ukikunjwa na kukunjuliwa hukatika. Ndiyo sababu daktari hupandikiza vipande vya mfupa ili pingili ziungane na kubeba mzigo wenyewe. Zisipoungana, chuma chaweza kuvunjika hata baada ya miaka.

Taabu iko kwa watoto wadogo. Pingili zilizounganishwa hazirefuki tena. Ukiunganisha za kifua mtoto akiwa na miaka 5, kifua hubaki kidogo na mapafu hukosa nafasi. Huyo hutiwa fito za kurefushwa, zilizoshikwa juu na chini pekee. Hurefushwa kwa upasuaji mdogo takriban kila miezi 6. Nyingine huvutwa kwa sumaku kutoka nje ya ngozi. Kwa kuwa katikati hakuna mfupa ulioungana wa kuzisaidia, fito hizi huvunjika mara nyingi zaidi.

Basi kabla ya kutia sahihi, muulize daktari mpasuaji: pingili ngapi zitaunganishwa, na mwanangu amebakisha kukua kiasi gani?