Ukifika Ukerewe, Ule Wapi? Mwongozo kwa Mlaji Mgeni

Msafiri aliyefika Bujora kutazama Makumbusho ya Wasukuma, au kushuhudia ngoma za Bulabo zinazowashindanisha Bagika na Bagalu, mara nyingi hubakiwa na siku moja au mbili, naye huamua kuzitumia Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Safari yenyewe si ngumu. Aliye Kisesa tayari yumo katika barabara ya Musoma. Hana haja ya kurudi Mwanza mjini kungoja meli, bali aweza kuendelea kupitia Magu hadi Bunda, akakata kuelekea Kisorya, kisha akavuka kwa kivuko hadi Rugezi. Kinachomsumbua ni jambo dogo kuliko safari: amefika Nansio saa saba mchana, ana njaa, hamjui mtu. Ale wapi?

Swali hilo limo ndani ya kazi yetu. Katika nyaraka za kumlinda mnunuzi, neno "mlaji" humhusu kila anayelipia bidhaa au huduma, hata awe ananunua mabati. Katika makala hii tunalirudisha kwenye maana yake ya kwanza.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Wawili kati yetu tulipofika kisiwani kwa mara ya kwanza, tuliingia katika mgahawa wa kwanza tuliouona, kwa kuwa ulikuwa na kibao kilichopakwa rangi vizuri na viti vyeupe. Tukaagiza sato bila kumwona na bila kuuliza bei. Aliletwa baada ya saa nzima, amekaangwa mara ya pili, nyama yake ikimeguka kama unga, na bei ikatajwa tulipokwisha kunawa. Hatukuwa na la kusema. Hatukukubaliana bei, hatukudai risiti, na samaki tulikuwa tumemla. Kesho yake mwalimu mmoja alitupeleka kwenye banda la mama lishe nyuma ya soko, na huko tulikula sato mkubwa kuliko yule kwa karibu nusu ya fedha ile. Waliopaswa kulijua hilo mapema ni sisi, tunaowafundisha wengine.

Tofauti ya mahali pale pawili haikuwa bahati. Mgahawa unaotegemea wapita njia humuuzia mtu ambaye hatarudi, hivyo hasara ya kumlisha vibaya ni ndogo. Mama lishe wa nyuma ya soko hulisha watu walewale kila siku: waendesha bodaboda, wapagazi wa bandarini, wauguzi, makarani wa halmashauri. Akiwapa samaki aliyelala, kufikia jioni habari imeenea, na kesho sufuria lake halitaisha. Aidha, wengi wa akina mama hao hawana jokofu. Msomaji anaweza kudhani huo ni upungufu, lakini una faida yake: asiye na pa kuhifadhi hununua asubuhi kile tu anachotarajia kukimaliza mchana. Ukikuta saa nane sufuria zimebaki tupu na mwenyewe anaosha vyombo, umechelewa, ila umepajua pa kuja kesho.

Kwa hiyo usimuulize mwenyeji "hoteli nzuri iko wapi?" Kwa adabu atakuelekeza kwenye ile ya gharama, kwa sababu anadhani ndiyo inayokufaa mgeni. Muulize yeye mwenyewe jana mchana alikula wapi. Jibu huja haraka, na mara nyingi ni la kweli.

Ukishafika bandani, salimu kwanza, kisha uliza samaki wa leo ni yupi. Swali la "mna samaki?" hujibiwa "wapo" hata kama wapo tangu juzi. Omba kumwona kabla hajaingia kwenye mafuta. Samaki mbichi ana macho angavu yaliyojaa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi mahali pake ukiibonyeza kwa kidole. Harufu yake ni ya ziwa, si ya uvundo. Hakuna mama lishe mwema atakayekasirika kwa ombi hilo, maana naye alifanya vivyo hivyo alfajiri mwaloni. Kubalianeni bei hapohapo, kwa samaki mmoja au kwa sahani, na kama ugali na mboga vimo au havimo.

Juu ya dagaa, yafaa mgeni atazame mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri wakati wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, wavuvi wengi hupumzika. Wiki hiyo dagaa wabichi huadimika na bei hupanda, na anayekuambia ana dagaa wa jana usiku wakati mwezi ni mpevu anastahili swali la pili. Dagaa wakavu hupatikana wakati wote. Chagua waliokaushwa juu ya vichanja, si walioanikwa mchangani; tofauti utaitambua kwa meno.

Sangara ana habari yake. Minofu mingi huenda viwandani kwa ajili ya kuuzwa nje, na mabondo huondolewa mapema kwa kuwa yana bei kubwa. Mifupa na vichwa vinavyobaki, yaani mapanki, hukaangwa na kuliwa na watu wengi wa Mwanza, nasi hatuoni aibu yoyote ndani yake maadamu ni mabichi. Tatizo ni mapanki yaliyokaa juani, kisha yakafichwa ndani ya mafuta meusi na pilipili nyingi. Mafuta yakiwa meusi, ondoka.

Ugali wa muhogo ndio unaopendwa kisiwani. Mgeni aliyezoea wa mahindi huuona mnato mwanzoni. Asubuhi ulizia viazi vitamu na chai. Wasukuma wa upande wa Bujora watakupa pia michembe, vipande vya viazi vilivyokaushwa.

Maji ndiyo yanayowaangusha wageni wengi kuliko samaki. Maji ya ziwa yasiyochemshwa hueneza kipindupindu na homa ya matumbo, na kuoga ziwani kwenye kingo zenye majani kunaweza kukuambukiza kichocho. Nunua chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa, yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na tarehe ya mwisho wa matumizi inayosomeka. Juisi ya mananasi au maembe ni njema, ila uliza maji na barafu yake vimetoka wapi. Kabla ya kuketi, tazama kama ipo ndoo yenye koki na sabuni. Beseni moja linalozungushwa kwa wateja kumi halimsafishi mtu.

Kuhusu pombe, Ukerewe ina historia. Katika riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, pombe ya ndizi ndiyo inayotakiwa ili mume arudishiwe mkewe. Pombe za asili hutofautiana sana usafi wake, na usiponywa maji yasiyochemshwa, usinywe kilichotengenezwa nayo. Gongo ni jambo jingine kabisa: ni haramu kisheria, na ikipikwa vibaya huweza kupofusha au kuua. Pombe za viroba zilipigwa marufuku mwaka 2017. Ukiuziwa, jua muuzaji anavunja sheria.

Wengine hutaka kuendelea hadi Ukara kutazama jiwe linalocheza. Siku za gulio ndizo zenye chakula kizuri na kingi, na ndizo siku vyombo vya majini hujaa kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara kikiwa kimezidisha abiria, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Usiupime muda wa kula kwa kivuko cha mwisho. Kula mapema, au lala huko, na usipande chombo kilichojaa hata kama bandani wamekwisha kukukaangia.

Ukipata madhara baada ya kula, nenda kwanza kituo cha afya, kisha utoe taarifa kwa afisa afya wa kata au wa halmashauri, ukitaja mahali, saa na ulichokula. Dai risiti, asiyekuwa na mashine na akuandikie kwa mkono.

Ukinunua samaki wa kubeba, tazama kama mizani ya mwaloni ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Usichukue sangara aliye chini ya sentimita 50 wala sato aliye chini ya sentimita 25, kwani hairuhusiwi kuwavua. Beba kikapu chako. Mifuko ya plastiki ilikatazwa tangu Juni 2019, na kayabo ikikaa ndani yake huvunda kabla hujafika Bunda.