Breki kwanza, gia baadaye: Namna ya kuiboresha baisikeli ya kwenda kazini

MFANYAKAZI anayelipa nauli ya Sh50 asubuhi na Sh50 jioni kwa siku 24 za mwezi hutumia Sh2,400 kwa matatu pekee. Kwa kabwela, hizo ni pesa nyingi, na si ajabu kwamba wengi huamua kununua baisikeli ili kujinusuru.

Hata hivyo, baisikeli nyingi zinazouzwa humu nchini hazikuundwa kwa safari ya kila siku baina ya mtaa na mahali pa kazi, katikati ya magari, mvua na giza la alfajiri. Humlazimu mwenyewe kuzifanyia marekebisho.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Wapo wanaoanza na honi, vioo vya pembeni, vitambaa vya rangi na kiti cha sponji. Wengine hukimbilia gia nyingi ili waende kasi, ilhali breki zimebaki zile zile zilizokuja na baisikeli kutoka dukani.

Utaratibu unaofaa ni kuanza na kile kinachoisimamisha baisikeli, kufuatia kile kinachoifanya ionekane, na kumalizia na kile kinachompunguzia mwendeshaji uchovu. Anayefuata mpango huo hupata chombo cha kutegemewa bila kutumia pesa zote kwa mara moja.

Udhaifu wa Black Mamba

Baisikeli iliyozoeleka zaidi, mijini na mashambani, ni ile nyeusi na nzito iitwayo Black Mamba. Muundo wake ulitoka Uingereza, ambako kampuni kama vile Raleigh ya mji wa Nottingham ziliuza baisikeli za aina hiyo katika nchi nyingi. Baadaye viwanda vya India na Uchina vilitwaa kazi hiyo na kuiendeleza karibu bila mabadiliko.

Ni baisikeli hiyo iliyozaa uchukuzi wa boda boda. Katika mpaka wa Kenya na Uganda, hasa Busia, waendeshaji waliwavusha wasafiri na mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine, na neno la Kiingereza la mpaka likageuka kuwa jina la kazi. Jina hilo lilihamia kwa pikipiki baadaye.

Fremu yake ni ya chuma imara, magurudumu ni ya inchi 28, gia ni moja, na uzito ni kama kilo 20. Hustahimili barabara mbovu, na fundi yeyote chini ya mti anaweza kuirekebisha.

Udhaifu wake mkubwa ni breki. Hizo huvutwa kwa fito za chuma, na vipande vya raba hubana upande wa ndani wa rimu ya chuma iliyopakwa kromu. Pakiwa pakavu, hufanya kazi vyema. Rimu ikilowa maji, raba huteleza juu ya kromu na baisikeli huendelea na safari hata mwendeshaji anapobana kwa nguvu zake zote.

Kwa mtu anayeteremka Riat kuelekea Kisumu wakati wa mvua ya masika, huku lori likimfuata nyuma, jambo hilo linaweza kumgharimu maisha.

Njia tatu za kurekebisha breki

Njia ya kwanza ndiyo rahisi zaidi. Badilisha vipande vya raba vilivyokauka na kuwa vigumu, nyoosha rimu iliyopinda, na upunguze ulegevu wa fito ili raba iguse rimu mara tu unapobana. Mvua inaponyesha, bana breki kidogo kidogo mapema ili raba ifute maji kabla ya kufika mahali unapotaka kusimama.

Njia ya pili ni kuweka nyuma habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye breki ya ndani inayofanya kazi mwendeshaji anapokanyaga pedali kinyume. Kwa kuwa breki hiyo imefungiwa ndani ya chuma, haisumbuliwi na maji wala matope. Baisikeli za Buffalo, ambazo shirika la World Bicycle Relief husambaza katika nchi kadhaa za Afrika na ambazo huunganishwa Kisumu, hutumia breki ya aina hii.

Hata hivyo, breki ya kukanyaga hutegemea mnyororo. Mnyororo ukikatika au ukichomoka, breki nayo imekwenda. Kwa hivyo, breki ya mbele isiondolewe kamwe.

Njia ya tatu ni kubadilisha rimu za chuma na kuweka za alumini, pamoja na breki za kuvutwa kwa waya. Raba hushika alumini iliyolowa vizuri zaidi kuliko inavyoshika kromu. Rimu hizo pia ni nyepesi, jambo linalorahisisha kuanza mwendo.

Anayechagua njia hii lazima afahamu mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, rimu ya breki za fito haina ubavu bapa ambao breki za waya huhitaji, hivyo rimu na breki hubadilishwa pamoja. Pili, Black Mamba kwa kawaida huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, ilhali rimu nyingi za alumini zina matundu 36. Hesabu ya matundu ya rimu na ya habu isipolingana, fundi hawezi kuzifunga.

Isitoshe, kuna mtego wa vipimo. Tairi mbili zinaweza kuandikwa inchi 28 na bado zisilingane. Ile ya Black Mamba hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635, huku ile ya baisikeli nyingi za kisasa ikikaa kwenye milimita 622. Soma nambari ndogo zilizochapwa ubavuni mwa tairi, kama vile 40-635, na uende nazo dukani zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi.

Uonekane gizani

Wafanyakazi wengi huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurejea likiwa limetua. Katika saa hizo, baisikeli nyeusi inayoendeshwa na mtu aliyevaa koti jeusi haionekani na dereva hadi awe karibu mno.

Kwa miaka mingi taa ilitegemea dinamo, kijichupa kinachosuguliwa na tairi na kutoa umeme wa volti 6. Ubaya wake ni kwamba humwongezea mwendeshaji mzigo, na nyingi huzimika baisikeli inaposimama, kwa mfano katikati ya makutano.

Dinamo hiyo hiyo iliwahi kuwapa Wakenya fahari. Mnamo 2009, wanafunzi wawili wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Pascal Katana na Jeremiah Murimi, walitengeneza kifaa cha kuchaji simu kwa kutumia dinamo ya baisikeli, wakiwalenga watu wa mashambani wasiokuwa na umeme.

Siku hizi, taa ndogo zinazochajiwa kama simu hutoa mwanga mkali na hazizimiki baisikeli inaposimama. Weka nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Ukiweza kununua moja tu, anza na ya nyuma, kwa maana gari linalokuja nyuma yako ndilo usiloliona.

Mbali na taa, vipande vya plastiki vinavyorudisha mwanga vifungwe kwenye spoku na kwenye pedali. Vile vya pedali hupanda na kushuka, na dereva hutambua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu anayeendesha baisikeli. Fulana inayong'aa kama zile za waendeshaji pikipiki, pamoja na kofia ngumu, zikamilishe hatua hii.

Kilima na hesabu ya meno

Breki na taa zikiwa sawa, sasa yafaa kufikiria miguu. Wengi hudhani kwamba dawa ya kilima ni kununua baisikeli ya gia nyingi. Mara nyingi kipande kimoja cha chuma hutosha.

Chukua mfano wa baisikeli yenye meno 44 kwenye duara la pedali na meno 18 kwenye friwili, ile gia ndogo ya gurudumu la nyuma. Kila pedali inapozunguka mara moja, gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu. Kwa gurudumu la inchi 28, hiyo ni safari ya takriban mita 5.5.

Ukiondoa friwili ya meno 18 na kuweka ya meno 22, gurudumu huzunguka mara mbili kamili, yaani takriban mita 4.5. Kwenye tambarare utakuwa polepole kidogo, lakini mlimani mguu utahitaji nguvu pungufu kwa karibu asilimia 18. Mnyororo nao utahitaji kuongezwa pingili chache.

Anayeishi penye tambarare, kama vile Malindi, hana haja ya mabadiliko haya. Anayepanda vilima kila jioni akiwa amechoka atayashukuru.

Pia angalia urefu wa kiti. Keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, inavyotakiwa. Kiti kilicho chini mno huumiza magoti na hupoteza nguvu. Marekebisho haya yanahitaji spana tu.

Mizigo na nguo

Wachuuzi wa maziwa, mikate na maji hutegemea keria kuliko kitu kingine chochote. Mafundi wa jua kali huziimarisha kwa kuongeza vyuma, na kazi yao nyingi ni ya kusifika.

Lakini tahadhari yahitajika katika kuchomelea. Joto la kuchomelea linaweza kudhoofisha chuma cha fremu kando ya pale palipochomelewa, hasa mirija myembamba. Uma wa mbele, unaoshika gurudumu, ukikatika mwendeshaji huanguka kifudifudi. Ni heri vyuma vya kuimarisha vifungwe kwa nati na vibano badala ya kuchomelewa moja kwa moja kwenye fremu au uma.

Mzigo nao ukae chini na ugawanywe pande mbili. Madebe mawili yaliyoning'inizwa kandokando ya gurudumu la nyuma huyumbisha baisikeli kidogo kuliko mzigo ule ule ukirundikwa juu ya keria.

Kwa wanaovaa leso, buibui au sketi ndefu, fundi afunge wavu juu ya sehemu ya gurudumu la nyuma na kifuniko juu ya mnyororo. Nguo inayonaswa na spoku humwangusha mtu ghafla. Wavu huo pia hulinda miguu ya mtoto anayebebwa nyuma.

Baisikeli za mitumba

Kuna wanaopendelea baisikeli za milimani zilizotumika ng'ambo. Faida yake ni kwamba nyingi huja zikiwa na rimu za alumini, breki za waya na gia, hivyo mambo mawili kati ya yaliyotajwa huwa yametatuliwa.

Kinachobaki ni kuzifanya zifae lami. Tairi zenye meno makubwa hula nguvu na huvuma barabarani, basi ziondolewe na kuwekwa laini. Ongeza madigadi, kwa kuwa nyingi hazina, na usipofanya hivyo utafika kazini ukiwa na mstari wa matope mgongoni.

Epuka zenye springi nyuma. Springi hizo humeza sehemu ya nguvu ya mguu, na ni vigumu kuzifunga keria ya kawaida. Kabla ya kununua, geuza baisikeli juu chini na uchunguze maungio ya fremu. Ufa mdogo kwenye rangi unaweza kuwa ufa wa chuma chenyewe.

Matunzo

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mnyororo ni mfano mzuri wa usemi huo. Mnyororo mpya wa pingili 24 una urefu wa inchi 12 kamili, kutoka pini ya kwanza hadi ya mwisho. Upime kwa rula. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, ubadilishe. Ukiuacha hadi uzidi kwa sehemu moja ya nane, utakuwa umekula meno ya friwili, na itakubidi ununue vyote viwili.

Aidha, jaza upepo kila wiki. Tairi isiyo na upepo wa kutosha hufanya baisikeli kuwa nzito, na ikigonga shimo hubana tyubu kwenye rimu na kuitoboa mara mbili kwa pamoja.

Baada ya kila marekebisho, usiingie barabarani moja kwa moja. Endesha kwanza mahali pasipo na magari, mwaga maji kwenye rimu, kisha bana breki. Ikiwa baisikeli haikusimama pale ulipotarajia, irudishe kwa fundi siku hiyo hiyo, hata kama gia mpya tayari ziko mfukoni zikisubiri kufungwa.