Kabla ya marumaru, isikilize sakafu

Jiko la dada yangu kule Temeke liliwekwa vigae siku tisa kabla ya Iddi. Vigae, au marumaru kama wengi tunavyoviita, vilikuwa vyeupe, vya sentimita 40 kwa 40, vizuri kwelikweli. Fedha ilikuwa ya upatu, zamu ambayo dada aliisubiri miezi kumi. Na aliyemharakisha fundi ni mimi huyu ninayezungumza nanyi. Nilimwambia, "Fundi, wewe bandika tu, wageni wanakuja." Naye akabandika tu.

Mwezi wa tatu vikaanza kulia. Ukikanyaga karibu na meko unasikia "ko", kama mtu anayebisha hodi kutoka chini. Mwezi wa tano kimoja kikanyanyuka ukingo, na dada akajikwaa akiwa amebeba sufuria ya maharage yaliyotoka kuchemka. Mungu alisaidia, yalimwagikia mguu mmoja tu, lakini kovu analo mpaka leo. Tulipokiinua kile kigae kilitoka kizima, bila nguvu, na saruji yote imebaki mgongoni mwake. Chini yake sakafu ya zamani ilikuwa nyekundu, inang'aa, haina hata mkwaruzo.

Sote tuliokulia katika nyumba za zamani za Temeke, Magomeni na Kinondoni tunaijua sakafu hiyo. Chini kuna jamvi la zege, juu yake tabaka la saruji na mchanga, na juu kabisa niru iliyotiwa rangi nyekundu. Kila mwisho wa wiki mama zetu waliipaka nta na kuisugua kwa tambara, magoti chini, mpaka ikateleza. Jikoni nta hiyo ikaongezewa mafuta ya kupikia na mafuta ya taa ya jiko la mchina, miaka nenda miaka rudi. Sasa saruji hushika kwa kupenya katika vitundu vidogo vya kitu kilicho chini yake. Ukiziba vitundu hivyo kwa nta, umeiwekea saruji kitu cha kutelezea. Hata gundi ya vigae ya bei mbaya itakwama hapohapo.

Baada ya aibu ile nilikwenda kwa mzee mmoja wa Tandika, fundi wa miaka mingi. Nilimwamkia, nikamweleza. Alikuja kwa dada na nyundo ndogo, chaki na kopo la maji, basi.

Kwanza aligonga sakafu nzima, shibiri kwa shibiri. Palipotoa sauti nzito, iliyoshiba, aliacha. Palipolia kama debe tupu alizungushia chaki, kwa maana tabaka la juu limeachana na jamvi. Hapo, alisema, hakuna dawa ila tindo: bomoa mpaka ufikie jamvi, ujaze upya. Kisha akanyunyiza maji. Yakinywewa na sakafu ikawa nyeusi katika dakika moja au mbili, iko tayari kushika. Jikoni kwa dada yalisimama matonematone, kama umande juu ya jani la magimbi.

Kipimo cha tatu ndicho ambacho wengi hatukijui. Alitandika kipande cha nailoni cha kama mita moja kila upande, akabana kingo zote kwa utepe wa gundi, akaondoka. Kesho yake tukafunua. Kwa bahati palikuwa pakavu. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni chini ya jamvi, na maeneo ya mabondeni, kwa mfano kandokando ya Msimbazi, maji hupanda kutoka ardhini hasa wakati wa masika. Ukikuta matone chini ya nailoni, au unga mweupe wa chumvi juu ya sakafu, usinunue kigae hata kimoja. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi: bomba linalovuja, karo iliyopasuka, au mvua inayotuama ukutani kwa nje.

Kazi yenyewe ilichukua siku nyingi kuliko nilivyodhani. Sabuni haiondoi nta ya miaka 20, inaihamisha tu. Ilibidi sakafu yote idonolewe kwa tindo, vishimo vya kina cha nusu sentimita, vilivyosongamana. Vumbi lake si la mchezo, linaharibu mapafu, kwa hiyo mzee alinyunyiza maji kwanza na kijana wake akafunga pua na mdomo. Halafu wakafagia, wakaosha, wakaacha pakauke. Wakalaza ubao ulionyooka wa mita 2 kila upande, na kila penye mwanya wa zaidi ya milimita 5 chini ya ubao wakapaka uji wa saruji na kujaza, saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu. Mchanga usiwe wa ufukweni, una chumvi. Pale palipojazwa palimwagiwa maji kwa siku saba. Wakati huo mzee aliukata mlango chini, maana kigae na saruji yake hupandisha sakafu, na mlango wa mwanzo ulikuwa tayari unakwaruza.

Nilimuuliza kwa nini mafundi wengi hawafanyi haya. Alicheka. "Mwanangu, mnatulipa kwa mita ya kigae. Nani analipa mita ya kudonoa?" Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli. Siku hizi vigae vinatengenezwa hapa jirani, Mkuranga na Chalinze, na mtu akishanunua maboksi yake anaona kilichobaki ni kubandika. Ninavyoona mimi, malipo ya kuandaa sakafu yapatanwe peke yake, kwa siku, kabla ya kupatana mita. Kama fedha haitoshi vyote viwili, punguza ubora wa kigae.

Dada alipika uani karibu wiki mbili, kwa mkaa, na mvua ikamkuta mara mbili. Hakunilaumu, ila aliniambia, "Mdogo wangu, safari hii wewe kaa redioni kwako." Vigae viliwekwa kwa siku moja na nusu, vikaachiwa upenyo mdogo ukutani ili joto likizidi vipate pa kutanukia. Vilipokauka, kabla ya kumalizia malipo, dada alichukua mwiko wake wa ugali akapita akigonga kimoja baada ya kingine. Viwili vililia debe. Mzee hakubisha. Alivitoa, akavirudishia upya, dada akangoja vikauke, akagonga tena, ndipo akafungua mkoba.