Mifupa ya mtu: wataalamu hujuaje ni ya mwanamke au ya mwanamume?

Mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Mingi ilikuwa imeharibika kiasi kwamba hata mzazi asingemtambua mwanawe kwa sura. Hali ikiwa hivyo, au pakibaki mifupa mitupu, wachunguzi huanza kwa kuuliza: ni mtu mzima au mtoto? Ni mwanamke au mwanamume?

Kwanza, msikilizaji, tusahau habari ya ubavu. Wengi tumekua tukiambiwa kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu. Si kweli. Kwa kawaida kila mtu ana mbavu 24, awe mwanamke au mwanamume.

Mfupa unaosema zaidi ni nyonga. Nyonga ya mwanamke ni pana, na uwazi wake wa katikati ni mkubwa, kwa sababu ndiyo njia ya mtoto kuzaliwa. Tazama mkono wako. Tanua kidole gumba na cha shahada: pembe ya mifupa ya mbele ya nyonga, chini ya kinena, hukaribia upana huo kwa mwanamke. Sasa achanisha kidole cha shahada na cha kati: hiyo ndiyo pembe ya mwanamume. Nyonga ya mtu mzima ikiwa haijavunjika, mtaalamu mzoefu hupatia mara 95 hivi kati ya 100.

Nyonga ikikosekana, huangaliwa fuvu. La mwanamume mara nyingi limetokeza juu ya macho, kidevu chake ni kipana, na kile kinundu cha mfupa nyuma ya sikio ni kikubwa. Lakini wapo wanawake wenye mifupa mikubwa na wanaume wenye mifupa midogo, kwa hiyo fuvu haliaminiki kama nyonga.

Kwa watoto kazi ni ngumu zaidi. Tofauti hizi hujitokeza mtu anapobalehe, na Shakahola walizikwa watoto wengi. Hapo jibu la uhakika hutoka kwenye kipimo cha DNA, kinachoweza kufanywa kwa jino au kipande cha mfupa. Na hata kwa mtu mzima, kujua jinsia hakutoshi kumpa jina. Ndiyo maana familia ziliombwa kutoa sampuli zilinganishwe na za marehemu. Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa Machi 2024.

Ukikuta mifupa shambani au unapochimba msingi, usiiokote wala kuihamisha, hata kama unadhani ni ya mnyama. Simamisha kazi, kisha mwarifu chifu au polisi. Nyonga ikivunjwa na jembe, huenda ndiyo iliyokuwa na jibu ambalo familia fulani imelingoja kwa miaka.